Chupa Ziwani

Ruhomvya ameshuka treni na begi moja,
na ndani ya begi, imeviringishwa kitenge changu cha zamani,
chupa.
Njia nzima ameipakata kama mtoto mwenye homa.
Tabora alikataa hata kushuka kununua asali,
asije mtu akaikalia.

"Mvinyo mweupe," anasema.
Naiinua kwenye jua la stesheni: si mweupe.
Una rangi ya mabua yaliyolowa,
rangi ya chai ya mgonjwa.
"Mweupe ni jina tu," anasema,
"kama jirani yetu Furaha, ambaye hajawahi kucheka."

Miaka kumi na mmoja alichuma zabibu Hombolo,
mkasi mkononi, nyuki masikioni,
na kila Jumamosi wageni walikuja kupumzika:
viti vya kukunja, kofia pana,
wakinusa glasi, wakifumba macho, wakisema "mm."
Yeye alipita na kreti begani.
Hakuna aliyemwambia ladha yake.

Mwaka huu, kiinua mgongo kilipotoka,
alirudi kule kwa mlango wa mbele.
Alilipa. Akakaa kwenye kiti.
Msichana aliyemmiminia ni binti wa Ndahani,
waliyechuma naye safu moja;
akamwita "mheshimiwa," kisha akamtambua,
wote wawili wakatazama chini.
Akamwelekeza: onja, sukutua, tema ndooni.
"Niteme?" Ruhomvya akauliza.
"Jasho nililimeza lote, hili ndilo niteme?"
Akameza.
Akakaa hapo mpaka saa kumi bila kufanya kitu,
na anasema mikono ilimwasha kwa kukosa kazi.

Mwekundu kwa nyama, msichana alimfundisha,
mweupe kwa samaki.
Basi hiyo ndiyo sababu ya safari yote hii:
samaki tunao.

Friji yetu ilikufa masika.
Tuliifunga chupa kwa kamba ya wavu
tukaizamisha Kibirizi, kwenye nguzo ya kibanda changu,
kile ambacho ziwa lilikimeza lilipopanda.
Pale nilipouzia dagaa, sasa sangala wanapita bila ushuru.
Angalau, nikasema, nguzo imepata kazi.

Jioni nikachoma migebuka, mafuta yakidondokea mkaa,
dagaa nikawakaanga wakavu,
kuhe nikampika kwa mawese, kama mama alivyonifunza.
Bi Mwamvua akaja kutoka Ujiji na jagi la ukwaju;
pombe haigusi, ila mwaliko wa samaki haukatai.
Sisi tukamimina kwenye vikombe vya bati.

Nasema kweli: na kuhe, waligombana.
Mawese ni mwenye nyumba,
hapendi mgeni anayejua mengi.
Lakini mgebuka,
chumvi, moshi, ile ngozi iliyoungua kidogo,
halafu funda la baridi, kali kama limau lisilo na haraka...
nikanyamaza.
Ruhomvya akaniangalia kama anayesubiri matokeo ya mtihani.
"Mm," nikasema.
Alicheka mpaka akapaliwa.

Bi Mwamvua akainua ukwaju wake:
"Hilo ndilo mmeliendea Dodoma? Samaki na uchachu
mimi niliwaozesha zamani,
ndimu ikiwa shahidi."

Hatukuwasha taa.
Mikono ya Ruhomvya ilikuwa juu ya meza, mitupu,
imelala kifudifudi, makovu ya mkasi yakiangalia juu.
Nilitaka kuuliza kama huko ndiko kupumzika.
Sikuuliza. Nikamwongezea.

Chupa niliiosha kwa majivu.
Sasa ina mawese, ipo sokoni kwenye meza yangu mpya,
karatasi yake ya zabibu bado imeshika.
Juzi mteja wa Mwanga akaigeuza, akaisoma taratibu,
akauliza kama mafuta haya ni ya nyama au ya samaki.

Nikamtilia tone kiganjani.
Onja, nikamwambia. Usiteme.