Madebe Mawili

Aikande amenunua gari lililotoka Japani.
Likiwashwa bado linaamkia Kijapani,
nasi tunaliitikia: haya, twende.
Juu kabisa ya kioo cha mbele
lina jicho dogo, jeusi, halipepesi.

"Linaona mistari, baba mdogo," ananiambia.
"Nyeupe ya rangi, nyeusi ya lami: linapima tofauti,
kushoto na kulia, mara nyingi kabla hujavuta pumzi.
Likijua mstari ulipo, linajua na sisi tulipo."
Tukishuka Weruweru anaachia makusudi,
gari linaelea kidogo kuelekea katikati,
usukani unatetemeka, kisha unarudi taratibu
kama jirani anayekugusa kiwiko kanisani
mahubiri yamekuwa marefu.
"Ni mota ndogo tu. Hainishindi nguvu, inanikumbusha."
Akiwasha indiketa, inanyamaza.
Inajua hiyo ni nia, si usingizi.

Mimi nimekaa kimya.
Mistari hiyo ni mwandiko wangu.

Miaka kumi na mitatu nimeitembea barabara hii kwa miguu,
kamba ya katani, misumari, chaki mfukoni,
nyuma yangu Ndetaramo na mashine yake ya kukohoa,
nyuma yake Lemburis na ndoo ya chembe za kioo
akizinyunyiza rangi ingali mbichi, kama chumvi kwenye nyama,
ili usiku, taa zikija, mstari uamke.
Tulidhani tunawaandikia watu,
na macho ya watu husamehe:
dereva akikosa mstari atafuata tela la mbele,
atafuata ukingo wa nyasi, atafuata mazoea.
Jicho hili halina mazoea.
Linasoma kilichoandikwa.

Kikafu, limesoma.
Kwa Sadala, limesoma.
Bomang'ombe, penye matuta na mama wa ndizi,
limesitasita kama mtoto wa darasa la kwanza, likasoma.

Tulipopita njia panda ya uwanja wa ndege
nikaanza kuhesabu makalavati.
La tatu.
Vimistari viwili vya kijani kwenye dashibodi
vikafifia, vikawa kijivu. Mlio mmoja.
Usukani ukalegea.
"Limepotea," akasema Aikande, akaukamata kwa mikono miwili,
lori la saruji likitujia na upepo wake.
"Ni hapa hapa, kila siku. Nadhani ni jua."

Si jua.
Ni Ijumaa moja, mwaka wangu wa mwisho kazini,
msimamizi kaenda msibani Marangu,
madebe mawili yakapanda pikipiki kwenda Kibosho
na kilomita moja na nusu ikapakwa yaliyobaki:
petroli nyingi, weupe wa kuazima.
Masika yakala nusu, malori yakamaliza sahani.
Nyumbani kwangu fremu za madirisha zinang'aa hadi leo.
Mama yake Aikande huzisifu kila Krismasi.

King'ori.
Kijani kikarudi, gari likashika neno
pale lilipoachia.
"Umeona?" akasema, akilegeza vidole.

Nimeona.
Nikafungua mdomo, nikaufunga,
nikauliza kama jicho lile linaona na madirisha.

Akacheka.
"Linaona barabara tu, baba mdogo."