Nusu Kidonge

Fomu ilitoka Tanga mjini, kurasa nne,
mhuri wa zambarau umekaa upande.
Nikamsomea Bi Makai kwa sauti yangu ya kazini:
"Wiki mbili hizi, umepoteza hamu?"
Akatazama dirisha. "Hamu ya nini, mwanangu?"
Nikaandika sifuri.
"Umejiona huna thamani?"
"Mimi si mbuzi wa mnadani."
Sifuri nyingine.
Kwa hesabu ya karatasi, mgonjwa wangu alikuwa mzima
kunishinda mimi.

Lakini usiku halali.
Mwanawe, Mberwa, anauza bisi hapa Chogo,
kando ya mashine ya kusaga,
na kila sufuria ikianza kupasuka, pa, pa-pa,
mama mtu huingia mvunguni kifudifudi,
kiganja kikiziba mdomo wa mtoto
ambaye hayupo.

Mimi Nakijwa, Mpare wa Suji.
Ugonjwa huu nilifundishwa darasani, una jina refu.
Yeye anauita *yale*.
"Yale yamekuja jana, yamekaa hadi alfajiri."
Nikakata jina langu kwa wino, juu yake nikaandika lake.

Mababu zake walitolewa Uzigua kwa mnyororo,
wajukuu wamerudi Uzigua kwa kukimbia,
na katikati, ng'ambo kule kwenye mto Juba,
lugha waliificha chini ya ulimi isiloe.
Akiomba *mazi*,
mfagizi wetu, mzaliwa wa Handeni, humletea kikombe
bila kuuliza.
Ndiyo nikamwambia mfagizi: weka ufagio, kaa nasi.

Tulianza na nusu kidonge.
Kisu cha vitunguu, sahani ya bati,
nusu nyingine ikafungwa kwenye pindo la kanga.
Wiki ya kwanza kinywa kikamkauka,
akasema kuna jini amemkalia ulimini.
Sikucheka. Nikasema huyo namfahamu,
amekuja na dawa, huchoka mwenyewe, mnyweshe maji.
Siku ya kumi na sita akachoka.
Ramadhani ilipoandama tukahamisha saa:
tende, uji, kidonge, kisha tarawehe.
Mwezi mmoja bohari ilikuwa tupu.
Huo siutaki kuusimulia.

Kitabu changu kinasema: tandaza kamba ya maisha,
weka ua penye furaha, jiwe penye msiba.
Jiwe alilishika muda mrefu.
"Jiwe huwekwa kichwani pa aliyezikwa.
Wangu hawakuzikwa."
Akanirudishia, taratibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Jumanne iliyofuata akaja na miyaa.
Akaanza kusuka ukili, na huku anasema:
hapa Jilib, hapa harusi, hapa mahindi yalikubali.
Mkono ukisimama, nami nasimama.
Mfagizi anatafsiri, na pengine hatafsiri,
anajifuta pua tu, nami naelewa.
Tulipofika usiku wa mtoni
alichomeka miyaa iliyotiwa rangi nyeusi,
pima moja, pima ya pili,
hakusema kitu, na mimi kalamu niliiweka chini.
Kisha akauliza kama serikali inakataza
kusoma khitma ya watu wasio na kaburi.

Haikatazi.
Ikasomwa uani kwake, majina matano,
la mwisho la mtoto aliyekuwa hajaota meno.
Kuku mmoja, wali wa kugawana kwa vijiko.
Mimi Msabato nikaosha sahani.

Sisemi amepona.
Fomu mpya inasema kumi na saba, zaidi ya mwanzo,
maana sasa anajibu.
Yale bado yanakuja, ila yanabisha hodi.

Juzi nilipita kwa Mberwa.
Bi Makai alikuwa kwenye kigoda, hatua sita toka jikoni,
ukili umebana mapajani, vidole vimeganda.
Sufuria ikapasuka. Akafumba macho,
midomo ikihesabu.
Iliponyamaza, akanyoosha mkono,
akachota gao moja, akatafuna.

"Mberwa," akasema,
"chumvi umezidisha."