Msaili wa Kukodiwa

Nalipwa kwa kichwa.
Dakika hamsini, kichwa kimoja, fomu moja,
na wakala, ambaye sijawahi kuiona sura yake,
hukata chake kabla mimi sijaonja changu.
Kampuni inayoajiri haina jina kwangu,
ni herufi mbili na namba, kama kreti la soda.
Juu nina shati la kola, limepigwa pasi.
Chini ya meza, blanketi na soksi mbili mbili,
maana Juni ya Mbeya haisomi mkataba.

Kanuni ni kumi na moja. Nimezibandika ukutani
kando ya kalenda ya duka la mbolea:
usitaje mji ulipo, usiulize alipo,
usimwambie amepata, usimwambie amekosa.
Hiyo ya mwisho haina taabu.
Tangu Machi nimesaili watu themanini na wawili
na simjui hata mmoja aliyekula mshahara.

Jana, saa kumi na moja jioni, aliingia Ambakisye.
Jina la pili lilifichwa kwa nyota.
Swali la nne nikamsomea kwa Kiingereza cha fomu:
una mnyororo wa data, kila pingili inaielekeza inayofuata;
utajuaje kama haufiki mwisho, unajizunguka?

Akanyamaza. Nikahesabu sekunde, ndiyo kazi.
Kisha: tuma wawili njiani kwa pamoja,
mmoja apige hatua moja, mwenzake mbili.
Njia ikiwa na mwisho, wa mbio atauona.
Ikiwa ni duara, watakutana tu,
hata wasipopendana.

"Hata wasipopendana" haimo kwenye jibu la mfano.
Sikujua niipe alama ipi.

Ndipo upande wake likapita gari la matangazo:
mbegu za viazi, mbegu za viazi, Jumamosi pale Uyole,
njoo na gunia lako, njoo na jirani yako!
Akaomba radhi, akafunga dirisha.
Nikaandika: mazingira yana kelele.

Dakika tatu hazijaisha,
gari lile lile, spika ile ile iliyopasuka,
likapita chini ya dirisha langu.
Njoo na jirani yako!
Alilisikia. Najua alilisikia,
maana mstari wake ulikatika katikati ya neno
na macho yakahama kwenye kioo
yakautazama ukuta wa chumba chake, muda mrefu.
Mimi nikasoma swali la tano.

Giza lilipoingia umeme ukakatika,
kwake na kwangu kwa pigo moja.
Isanga yote ikazama, mpaka miguuni pa Loleza.

Nikavaa koti, nikakimbilia bando kwa Mama Tusekile.
Tochi ya simu imeegemea mizani ya sukari.
Mbele yangu kijana, shati la kola, limepigwa pasi,
kaptula, kandambili zisizolingana.
"Mama, bando la saa moja, fanya upesi,
niko kwenye usaili, wazungu wananisubiri."

Wazungu walikuwa nyuma yake,
wameshika noti ya elfu mbili,
wanaomba Mungu asigeuke.
Alipokwisha kuondoka nikanunua langu kwa kidole,
bila neno, kana kwamba sauti yangu nayo ni ya wakala.

Niliporudi hewani alikuwa ameshafika, anahema.
Nami nahema.
Hakuna aliyeuliza.

Fomu inataka sababu ya kukatika.
Ina visanduku viwili: msailiwa, au mfumo.
Hakuna kisanduku cha Isanga.
Nikatia alama kwenye mfumo,
ambako hutiliwa shaka, na huenda nikakatwa.

Na swali la mwisho, lisilobadilika kamwe:
je, ungependa kufanya kazi na mtu huyu?

Mimi sifanyi kazi huko.
Niliomba, mwaka juzi.
Alinisaili mtu mpole, mwenye shati zuri,
akanishukuru kwa muda wangu.
Miguu yake sikuiona.