Ganda la Chungwa

Kila Julai, baridi ya Montevideo inapong'ata masikio,
tunaitoa filamu ile ile kwenye makopo yake ya bati
na watu wale wale wanakuja kugombana.

Daktari Pirotto, mng'oa meno mstaafu, huketi safu ya tatu
ili awe wa kwanza kuguna.
Nélida Echenagusía huketi nyuma yake
ili amwone akiguna.

Nyumba ya kukodi, mvua, mwanamke peke yake jikoni,
anamenya chungwa.
Juu ya dari, vishindo vya miguu.
Kimoja. Kimya. Cha pili.
Na Irma Saravalle,
ambaye jina lake kwenye bango limelizidi jina la filamu,
hapigi yowe, hageuki,
hata kope haimchezi.
Anamenya.

"Gogo!" asema daktari, taa zikiwaka.
"Nimeng'oa magego yenye hisia kuliko uso ule.
Muuaji yuko darini, yeye anawaza saladi!"
Nélida hujifunga skafu polepole,
kama mtu anayekunja ngumi.
"Wewe hujawahi kuogopa ndani ya nyumba yako mwenyewe.
Hofu haipigi kelele, daktari.
Inaosha vyombo, inafagia, inamenya."

Hapo ukumbi humeguka.
Walimu huku, wauza magazeti kule,
mume na mke wa duka la viatu
hurudi nyumbani kila mmoja na mwavuli wake.
Akili ni nywele, kila mtu ana zake;
daktari ana kipara, na hilo halijamzuia.

Mwaka huu alikuja bibi mwenye fimbo, Delmira Otondo,
aliyempaka Irma poda siku ile,
mwaka wa sabini na moja.
Alisimama kabla mtu hajaguna.
"Sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa, utotoni," akasema.
"Alilificha asije akanyimwa kazi.
Fundi alipiga vishindo upande huo huo,
juu ya ubao, kwa viatu vya kuazima.
Irma hakuvisikia. Alikuwa bado anavingoja.
Mwongozaji akafuta machozi, akasema:
hiyo hiyo, msirudie."

Mtu akakohoa. Kiti kikalia.
"Si nilisema!" daktari akapiga paja. "Hakuigiza!"
Nélida akainuka, midomo ikimtetemeka:
"Maisha mazima amewachezea mtu mwenye masikio mawili,
hakuna aliyemshtukia,
nawe unasema hakuigiza?"

Mimi sikutia neno.
Mwonyesha filamu analipwa akae gizani.
Lakini miaka ishirini na sita nimemtazama
kupitia kidirisha kisichozidi bahasha,
mashine ikinguruma ubavuni
hata vishindo sivisikii, mimi pia.
Kwa hiyo nilichobaki nacho ni mikono yake.

Ganda linashuka, utepe mmoja,
linapita kiwiko, linakaribia meza.
Kishindo cha kwanza
(nakijua kwa mkwaruzo mweupe pembeni mwa picha):
ganda zima.
Cha pili:
linakatika.

Usiku ule watu walipotoka nikairudisha.
Mara nne nikaitazama,
na mara nne likakatika pale pale,
kana kwamba filamu ingeweza kufanya vingine.
Kisu kiliteleza tu?
Au sikio lililokufa lilikuwa la Delmira peke yake,
hadithi aliyopewa asubuhi moja mbele ya kioo
na mwanamke aliyejua kutunza uso?

Nilichungulia barabarani.
Mvua ilikuwa imeanza, na chini ya taa ya mlangoni
daktari na Nélida walikuwa bado wanabishana,
mkono wake mmoja ukichora chungwa hewani,
wa mwenzake ukilifuta,
mwavuli mmoja juu yao.

Ningeweza kufungua dirisha, nikawaambia habari ya ganda.
Nikafunga kopo.