Sahani ya Tano

Kaka yangu Fintan hali kabla hajabishana.
Amefika kutoka Galway na begi la vitabu,
viatu vimebeba tope la njia nzima,
na koti hajalivua, ameshaanza:
"Usiku huu ni wa Samhain, Dympna.
Ulikuwepo kabla ya kengele, kabla ya msalaba,
ng'ombe wakirudishwa kutoka malisho ya juu,
mioto ikiwaka vilimani.
Kanisa lilikuja mgeni, likavaa koti la mwenye nyumba."

Dada anang'arisha vinara vya parokia.
Kitambaa kinanuka siki. Hainui uso.
"Habari za mioto hiyo umezipata wapi?"
"Zimeandikwa."
"Na nani?"
Fintan anakohoa.
"Na watawa," anajibu, kama aliyekalia msumari.
"Basi shahidi wako ni wangu.
Na hapa hapa, zamani hizo,
Watakatifu Wote waliadhimishwa Aprili.
Mwizi wa Novemba, mbona aanzie Aprili?"

Mimi sina upande. Nina tanipu.
Mzizi mgumu kama deni;
kijiko cha pili hiki, nacho kimepinda.
Ndugu zetu waliohamia Boston
walikuta maboga, laini, manene,
wakasahau maumivu ya kiganja.
Sisi bado tunachimba.
Macho mawili. Pua. Meno matatu yasiyopatana.
Mshumaa ukiwaka ndani
nyumba nzima inanuka supu iliyoungua.

Mama hajatia neno.
Anakata mkate wa zabibu, ule unaofichwa pete,
vipande vinne,
halafu cha tano.
Anakiweka mbele ya kiti
ambacho tangu Agosti tunakizunguka
kama kisima kisicho na mfuniko.

Fintan anafungua mdomo; najua atakachosema:
desturi hii, mama, ina umri kuliko Roma.
Dympna anafungua wake; najua pia:
roho huombewa, mama, hazipakuliwi.
Mama anawatazama, mmoja, kisha mwingine.
"Alipenda siagi nyingi," anasema,
na anaipaka hadi pembeni.

Hodi. Ni watoto wa Geraghty,
mashuka ya kitanda, masizi mashavuni,
mmoja kavaa miwani juu ya shuka.
Wanataka njugu. Hakuna anayeliuliza shuka dini yake.
Yule mdogo anachungulia mezani:
"Kile cha nani?"
"Cha mtu aliyechelewa," namwambia,
na ninamjazia mfuko mpaka unamwagika.

Usiku mama haukomei mlango.
Nasikia upepo ukiujaribu,
nasikia ngazi, au mbao za ngazi,
au hamu yangu mwenyewe ya kusikia.

Asubuhi sahani ni tupu.
Dympna anaiosha. Hamwulizi paka.
Fintan, ambaye huuliza kila kitu,
anaipokea, anaikausha,
anaendelea kuikausha
ingawa imeshakauka.