Skrubu ya Chini Kwanza

Shemeji anataka boti. Mimi ndiye macho yake.
Nikabeba bisibisi pana, chupa mbili za jamu,
sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu,
na Zamoyoni, mwanafunzi wangu, aliyebeba mdomo wake tu.

Kunduchi, nyuma ya ukuta uliopandwa vigae vya chupa,
masika mawili yameipita ikiwa juu ya trela.
Turubai limeshika dimbwi, dimbwini viluwiluwi.
Tairi moja limelala.
Kuku ametaga chini ya kiti cha nahodha,
mayai manne. Sikuyagusa. Hayamo katika ukaguzi.

Bwana Rweikiza, shati la benki, kandambili za msalani,
alitaja bei kabla sijauliza.
Akasema haijawahi kusumbua, ni kutia ufunguo tu.
Akasema ilikuwa ya marehemu kaka yake, mtunzaji yule.
Nikasema pole. Nikapiga goti penye mguu wa injini.

Zamoyoni kashika skrubu ya juu.
Nikamzaba kibao kwa jicho.
Ya chini kwanza, kijana, nusu mzunguko,
ya juu iache imefungwa.
Maji ni mazito kuliko oili, hulala chini kabisa,
na aliyelala chini ndiye wa kwanza kutoka
ukimfungulia taratibu.

Likatoka tone. Likatoka la pili.
Kisha uzi mwembamba, rangi ya chai ya maziwa,
ile ya mgahawani, maziwa ya kuhesabu.
"Unyevu huo," akasema Bwana Rweikiza. "Si unajua masika."
Sikujibu. Nikaiweka chupa juani ijieleze yenyewe.

Sumaku ilitoka na manyoya meusi, laini.
Huo ni uzee, hauna kesi.
Hakuna kipande cha jino. Gia nzima.
Tukavua propela: kwenye mhimili wake
mshipi wa kuvulia umejiviringa, umekaza,
umejitafunia njia mpaka kwenye sili.
Zamoyoni akaufungua huku akihesabu kwa sauti.
Mizunguko kumi na saba.

"Kaka yako alikuwa mvuvi?"
"Alijaribu siku moja," akasema. "Hakupata hata dagaa.
Alirudi anacheka, kapoteza na mshipi."

Basi mshipi huu hapa.
Nilitaka kusema hivyo, nikaona mkono wake umeshaupokea.

Likabaki tangi. Nikafungua kifuniko, nikanusa.
Petroli njema huuma pua ikaenda zake.
Hii ilikaa, nzito, tamutamu,
kama rangi ya mlango iliyosahauliwa koponi.
Katika chupa ya pili ikajigawa:
juu kahawia, chini maji,
na mpaka kati yao umenyooka, hakuna rula iliyopita.

"Hii ya lini?"
Akaingia ndani. Akakawia.
Akarudi na risiti, wino umefifia, zimebaki nambari tu:
lita ishirini, tarehe nane,
saa kumi na mbili na robo asubuhi.
"Alijaza yeye. Tulikuwa twende Mbudya Jumapili."

Mimi, ambaye ulimi wangu ni wa kupunguza bei,
nilisafisha bisibisi iliyokwisha kuwa safi.

"Mtaimwaga?"
"Haiwashi tena injini hii, bwana. Itaziba kabureta.
Tutaipeleka gereji, ya kuoshea vyuma."
Akashika mpira yeye mwenyewe mpaka dumu likajaa,
akaangalia mkondo kwa makini
kama mtu anayepimiwa na muuzaji asiyemwamini.
Chupa ya jamu akaibakiza.
Nikamwambia asiiweke karibu na jiko.

Njiani nikampigia shemeji:
maji yamo, sili zibadilishwe, na washa, usirudie za zamani;
oili mpya isukumwe kutoka chini
mpaka ichungulie tundu la juu;
tangi lioshwe; gia nzima kabisa;
punguza laki sita, asipokubali, nne.
"Na mwenyewe mtu gani?" akauliza.
Nikasema mtandao unakatika.