Sanduku la Arobaini na Moja

Chini kabisa ya kabati, ndani ya gazeti la mwaka hamsini na nane,
nimeukuta umelala, mmea mkavu,
manjano yake yamegeuka chai iliyopoa.
Lebo ni ya mwalimu Vendelín Hrubeš, mwandiko wa ubaoni:
tarehe, mwinuko, jina la kijiji,
jina la mmea,
na mbele ya jina alama ya kuuliza, kwa penseli.

Nilicheka peke yangu. Makumbusho hunilipa
nisahihishe marehemu.

Maana si vigumu. Wako wawili katika milima ya Šumava,
na ukiwa barabarani utaapa ni mmoja:
wote wakufikia kifuani, wote na shada la manjano kichwani,
wote huota mvi za kupeperuka ifikapo Septemba,
ndiyo sababu watu wa huku wakawaita kijizee, wote, basi.
Lakini sogea.
Wa kwanza, jani lake lina kikonyo,
limesimama mbali na shina kama mgeni aliyeshika kitasa.
Wa pili hana kikonyo; jani limelikumbatia shina nusu kiuno.
Wa kwanza ni laini, huteleza.
Wa pili, papasa chini ya ua: vinyweleo,
na kidole kinanata kidogo, kama kimesahau asali ya jana.
Wa pili huwahi kuchanua. Wa kwanza hana haraka.
Ndimi za ua usizihesabu. Tano, tano, sita, nne:
hazitoi ushahidi.

Bi Apolena, mwenye ng'ombe kumi na wawili pale bondeni,
alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo mkononi.
"Huyu humla ng'ombe ini," akasema. "Na yule?"
Na yule pia, nikajibu.
"Basi mimi nitang'oa, wewe utaje majina."

Julai nikapanda, lebo mfukoni.
Kijiji cha kwenye lebo hakipo.
Kuna kuta tatu za magotini na mtofaa uliokwenda mwituni.
Jina lake la Kijerumani Hrubeš alilipiga mstari,
akaandika la Kicheki juu yake, herufi zimebanana.
Bibi yangu alizaliwa hapo akiitwa Reinhilde.
Alizikwa Renata.
Hilo sikulifuata. Nilifuata mmea.

Juu ya kijiji misonobari imekufa wima, kijivu,
mbawakawa wameila ndani ya magome, hekta kwa hekta,
na pale kivuli kilipoanguka, jua likaingia,
na jua lilipoingia, wa kwanza akapanda kutoka bondeni
akamkuta wa pili bado hajafunga maua yake.

Nilipiga magoti penye maji.
Jani lina kikonyo. Kifupi.
Kikifika shinani kinapanuka, kinaanza kukumbatia,
kisha kinaacha, kama mtu aliyekumbuka hawajuani.
Vinyweleo vipo, vya kuhesabika.
Kidole kilinata, au ni jasho.
Shina jekundu upande mmoja tu, ule wa jua.
Nikahamia wa jirani: kikonyo kirefu zaidi, nywele nyingi zaidi.
Wa tatu, kinyume chake.
Lenzi ikapata ukungu wa pumzi yangu,
nikaifuta kwa shati, ikapata tena.

Mchana mzima nilikuwa na majina mawili
na mteremko mzima usiotaka hata moja.

Hrubeš hakukosea, basi. Aliona mapema.
Au alikosea, siku ile mvua ikinyesha, miguu imelowa,
akaandika alama ile ili awahi basi la saa kumi.
Sina wa kumwuliza.

Jumatatu nililifungua tena sanduku.
Kifutio kilikuwa kwenye droo, kipya.
Nikachukua kalamu ya wino mweusi
nikaipitia alama yake polepole, tao, kisha nukta,
isifutike.

Kabati likakataa kufungwa, kama kawaida yake.
Nikalisukuma kwa goti.